Juu ya Kumtambua Mwenye Kuingia: Jina na Siri katika Kiunzi cha Django

Neno "kuingia" limekwisha kuzoeleka miongoni mwa watumiaji wa kompyuta na simu, na kila mwenye barua pepe hulikuta juu ya kitufe. Lakini neno hilo moja limefunika matendo mawili yaliyo mbali mbali, na wengi waandikao juu ya mambo haya kwa Kiswahili huyachanganya. Tendo la kwanza ni kumjua mtu kuwa ndiye yule anayejitaja; la pili ni kuamua afike wapi baada ya kujulikana. Desturi ya hodi yaonyesha tofauti hiyo waziwazi kuliko istilahi nyingi zilizotungwa. Apigaye hodi huulizwa "Nani?", naye hujibu; mwenye nyumba huisikia sauti, akamjua. Hapo amekwisha tambuliwa. Lakini kutambuliwa hakumpi mgeni haki ya kupita kila mahali: mmoja hukaribishwa barazani, mwingine ukumbini, na aliye wa jamaa hufika mpaka uani. Tendo la kwanza yafaa liitwe utambuzi, na la pili idhini. Na katika makala haya maneno hayo mawili yatumika kwa maana hizo tu.

Yamkini mtu akauliza kwa nini jambo la wahandisi liletwe mbele ya wataalamu wa lugha. Sababu ni kwamba programu ya wavuti, katika namna yake ya kawaida, haisikii sauti wala haioni uso, husoma maandishi. Mwenye kuingia huandika jina lake na siri yake, na programu hulinganisha herufi kwa herufi. Basi swali la jina ni nini, la jinsi linavyoandikwa, na la alama ipi huhesabiwa kuwa herufi na ipi haihesabiwi, ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la ufundi. Aliyelijibu vibaya hapo mwanzo atakuwa amewafungia mlango watu ambao hakukusudia kuwafungia.

Mfano uliochaguliwa hapa ni Django, nao ni kiunzi cha kutungia programu za wavuti kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kiunzi, kama neno lenyewe lilivyo kwa mafundi wa majumba na wa vyombo vya bahari, ni mbao zilizokwisha simamishwa ambazo juu yake kazi nyingine hujengwa. Django ilianza kutungwa mwaka 2003 katika mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, na Adrian Holovaty na Simon Willison, ambao walikuwa wakilifanyia kazi gazeti la mji huo, Lawrence Journal-World. Ilitolewa kwa watu wote mwaka 2005, ikapewa jina la Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa Ulaya. Herufi D ya mwanzo haitamkwi, hata Mswahili aandikaye "Jango" hakosei matamshi. Asili yake ya gazetini si habari ya pambo tu. Watu wa gazeti walitaka kitu ambacho mwandishi wa habari angeweza kuingia, akaandika, akatoka, bila ya kila programu kuwa na mlango wake wa namna ya pekee. Kwa hiyo kazi ya kutambua watu imekuwamo ndani ya kiunzi chenyewe, na mtunga programu aanzapo huikuta tayari.

Alikutalo hapo ni jedwali la watumiaji lenye uga wa jina la kuingilia, uga wa jina la kwanza, uga wa jina la mwisho, barua pepe, siri, na alama chache za kuonyesha kama mtu yu hai katika orodha, kama ni mtumishi, na kama ni mkuu wa wote. Kwa miaka mingi jedwali hilo halikuweza kubadilishwa. Aliyetaka kuongeza jambo alilazimika kuunda jedwali la pili na kulifunga na la kwanza. Toleo la 1.5 la Februari 2013 ndilo lililoruhusu mtunga programu kuweka jedwali lake mwenyewe mahali pa lile la asili, kwa kulitaja katika mpangilio uitwao AUTH_USER_MODEL. Tangu hapo kila mjenzi amekuwa na hiari ya kusema mtu ni nani katika programu yake. Si wengi waitumiao hiari hiyo kwa kufikiri.

Na tuanze na majina mawili, la kwanza na la mwisho. Mpango huo wadhani kwamba kila mtu ana jina lake na jina la ukoo, na kwamba yakiunganishwa kwa nafasi moja kati yake, jina kamili limepatikana. Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi mashuhuri wa karne ya 19, angeandikwaje? Akiwekwa "Mwana" katika uga wa kwanza, basi programu imechukua neno la heshima ikalifanya jina. Kiunzi hiki kina njia ya kulitoa jina fupi la mtu kwa ajili ya kumsalimu, na jina fupi hilo ndilo lililomo katika uga wa kwanza. Bibi huyo angelakiwa kwa maneno "Karibu, Mwana". Akiwekwa "Mshamu" katika uga wa mwisho, hilo si la ukoo bali ni la babaye, na ndugu waliozaliwa na baba mwingine hawatakuwa nalo. Shaaban Robert naye katika katalogi nyingi za maktaba za nje hupangwa chini ya Robert, kana kwamba Robert ni ukoo, ilhali ni jina la baba. Katika katalogi ya maktaba kosa la namna hii lina udhia mdogo, kwa kuwa mtu atafuta tena. Mahali pa kuingilia, kosa hilo humaanisha kwamba mtu aliyeandikishwa kwa mpangilio mmoja leo na kwa mpangilio mwingine kesho amekuwa watu wawili.

Dawa yake si ngumu. Jedwali lililotungwa upya laweza kuwa na uga mmoja wa jina kamili, liandikwe kama mwenyewe alivyozoea kuliandika, pamoja na bin, binti au lakabu. Na uga wa pili wa jina la kuitwa, ajichagulie mwenyewe. Uga huu wa pili una manufaa hususa kwa wasema Kiswahili, kwa sababu kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu katika nyumba nyingi. Atakaye kuitwa Mwalimu, Bi. au Mzee na aandike hivyo. Kwa upande mwingine, lugha yenyewe humpunguzia mtunga programu kazi: "Umeingia" na "Hukubaliwi" ni maneno yale yale kwa mume na kwa mke, ambapo Kiarabu na Kifaransa humlazimisha mwandishi kuchagua.

Uga wa jina la kuingilia una tabu ya namna nyingine. Kanuni ya asili ya Django hukubali herufi, tarakimu, na alama tano tu: nukta, alama ya barua pepe, ya kujumlisha, kistari, na kistari cha chini. Herufi za lugha zote hukubaliwa, za Kiarabu na za Kihabeshi zikiwamo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kanuni ni ya ubaguzi. Lakini kipasuo cha ng' hakimo. Mtu ambaye jina lake laanza kwa Ng', kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma, atakataliwa aliandikapo kama imla ya Kiswahili sanifu inavyotaka. Naye hukiacha kipasuo, na jina likawa na sauti nyingine, kwa maana ng ya "ngoma" siyo ng' ya "ng'ombe". Fauka ya hayo, kipasuo kina nyuso tatu katika kompyuta. Iko alama iliyonyooka itokayo kwenye kibonye. Iko iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huibadilisha zenyewe. Na iko ya tatu, ambayo watunzi wa mfumo wa Unicode waliiweka katika fungu la herufi na si la vituo. Kwa macho ya msomaji zote tatu ni moja. Kwa Django mbili za kwanza ni vituo, hukataliwa. Ya tatu ni herufi, hukubaliwa, ingawa karibu hapana mtu ajuaye kuiandika. Kiunzi husawazisha majina kabla ya kuyahifadhi ili herufi zenye sura mbili ziwe moja, lakini usawazishaji huo hauzigusi alama hizi. Yampasa mtunga programu aandike kanuni yake, azigeuze zote tatu kuwa moja, na afanye hivyo mara mbili: jina liandikishwapo, na jina litafutwapo mtu akitaka kuingia. Aliyefanya mara ya kwanza tu ameweka kitasa ambacho funguo zake hazitaingia.

Kwa sababu ya tabu hizi wengi wameliacha jina la kuingilia, wakachagua barua pepe au nambari ya simu iwe ndiyo itambulishayo. Django huruhusu hivyo kwa kuutaja uga wowote usiojirudia kuwa ndio wa utambuzi. Barua pepe ina mtego mmoja: kiunzi hugeuza kuwa herufi ndogo sehemu ya anwani iliyo baada ya alama ya katikati tu, na kuiacha sehemu ya mbele kama ilivyoandikwa. Simu ambayo hukuza yenyewe herufi ya kwanza yaweza kumfanya mtu ajiandikishe kwa herufi kubwa, kisha kompyuta ya kazini isimjue.

Nambari ya simu ndiyo inayowafaa zaidi watu wa Afrika ya Mashariki. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, mamilioni ya watu ambao hawakuwa na barua pepe wamezoea kutambulikana kwa nambari ya simu pamoja na namba ya siri, na hapana haja ya kuwafundisha tena. Lakini nambari nayo ina tahajia zake. Mtu wa Kenya, wa Tanzania na wa Uganda wote huandika nambari zao kwa tarakimu kumi zinazoanza na 0, na nambari ile ile yaweza kuwa ya watu watatu katika nchi tatu, mpaka zitiwe 254, 255 au 256 mahali pa ile 0. Programu itakayohifadhi nambari kama zilivyoandikwa, na ikatumiwa Mombasa na Tanga pamoja, siku moja itawakuta watu wawili wakigombea jina moja. Yatakiwa zihifadhiwe katika umbo la kimataifa, ambalo halipiti tarakimu 15, hata kama kiolezo cha mtumiaji chaonyesha ile 0 aliyoizoea. Tena nambari isiyotumiwa kwa muda mrefu yaweza kupewa mtu mwingine na kampuni ya simu. Kwa hiyo nambari peke yake, bila ya siri, isihesabiwe kuwa ni mtu.

Mambo yote yaliyotangulia hayana budi kuamuliwa kabla ya jedwali la kwanza la programu kuundwa, na hili ndilo shauri ambalo wengi hulisikia baada ya kulihitaji. Jedwali la watumiaji ni kama nguzo ya kati. Jedwali la makala huelekeza kwake kusema nani ameandika, la malipo huelekeza kwake kusema nani amelipa. Kulibadilisha baadaye ni kuzitoa boriti zote na kuzirudisha moja moja kwa mkono. Maelezo rasmi ya Django kwa miaka mingi yaliwasihi wajenzi waweke jedwali lao wenyewe tangu siku ya kwanza, hata kama kwa sasa halitofautiani na la asili. Kuna misingi miwili ya kulijenga. AbstractUser hutoa kila kitu cha asili, na mjenzi akaongeza. AbstractBaseUser hutoa siri na saa ya mwisho ya kuingia tu, na mengine yote mjenzi akayaandika. Kwa atakaye kuyaacha yale majina mawili, msingi wa pili ni safi zaidi, ila una kazi nyingi. Wengi yawatosha kushika wa kwanza na kuziondoa nyuga wasizozitaka, jambo ambalo kiunzi hukiruhusu.

Baada ya jina, yafuata swali la nani amsikilize apigaye hodi. Django huweka mabawabu katika orodha, na kila bawabu huulizwa kwa zamu. Akimjua mgeni humtaja; asipomjua hunyamaza, na wa pili huulizwa; akikataa kabisa, kuuliza hukoma hapo hapo hata kama wa pili angemkubali. Kwa mpango huu chuo chaweza kuwa na bawabu mmoja wa wanafunzi watambulikanao kwa nambari ya usajili na mwingine wa walimu watambulikanao kwa barua pepe, na programu nyingine zote zisijue tofauti. Ni mpango mzuri, na ndio ambao huvutia mikono ya wageni wa kazi hii zaidi ya unavyostahili.

Kwani bawabu wa asili, aitwaye ModelBackend, hufanya mambo mawili ambayo hayaonekani, na aandikaye wake upya bila ya kumrithi huyasahau. La kwanza, humtazama mtu kama bado yu hai katika orodha. Aliyefutwa kazi jana na alama yake ikaondolewa hapiti. Bawabu mpya asiyeitazama alama hiyo humpitisha. La pili ni la hila zaidi. Jina lisipopatikana, bawabu wa asili hujifanya akiikagua siri hata hivyo, akaisaga bure, ili jibu la "hapana" lichukue muda ule ule kwa jina lililopo na lisilokuwapo. Asipofanya hivyo, adui mwenye saa aweza kujua majina yaliyomo kwa kupima kimya cha bawabu.

Kusaga huko ndiko namna siri zinavyotunzwa. Siri yenyewe haihifadhiwi. Huchanganywa na herufi za bahati, kila mtu zake, kisha ikasagwa mara nyingi mpaka ikawa unga, na unga ndio uhifadhiwao. Mwenye kuingia akiandika siri yake, nayo husagwa vivyo hivyo, na unga hulinganishwa na unga. Toleo la 1.4 la mwaka 2012 lilisaga mara 10,000. Toleo la 5.2 la mwaka 2025 husaga mara 1,000,000, kwa kuwa mitambo ya wezi nayo imeongezeka mbio. Mtu aliyesagiwa kwa hesabu ya zamani husagiwa upya siku aingiapo, wala hana habari. Sehemu hii mjenzi na aiache kama alivyoikuta. Kilicho halali kwake kubadilisha ni orodha ya siri zinazokataliwa kwa kuwa zatumiwa na watu wengi mno. Orodha ya asili ina siri 20,000, nayo haikutungwa kwa ajili ya wasema Kiswahili. Django humruhusu mjenzi kuweka faili lake mahali pa hilo, na faili lenye maneno ya mapenzi, majina ya vilabu vya mpira na maneno ya dua yanayopendwa hapa lingekuwa kazi yenye faida kwa chuo chochote cha lugha.

Imebaki lugha ya jibu. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha ambazo Django hutafsiriwa, na kila programu huongeza tafsiri zake. Mtu akikosea jina au siri, maneno ya asili ya Kiingereza humwambia aandike vyote viwili kwa usahihi, na kumkumbusha kwamba herufi kubwa na ndogo zaweza kuhesabiwa mbali mbali. Hayasemi kipi kimekosewa, na ukimya huo umekusudiwa. Mfasiri mwenye huruma ambaye ataandika "Neno la siri si sahihi" amempa mwizi nusu ya jibu, yaani kwamba jina lipo. Atakayeandika "Hatukujui" ametoa nusu nyingine. Sentensi kama "Jina au neno la siri si sahihi" yaweza kuonekana nzito kwa sikio, lakini uzito wake ni wa kitasa, na mhariri asiinyooshe. Wachache miongoni mwa wafasiri hupewa habari hii pamoja na orodha ya maneno ya kufasiri. Aghalabu hupewa sentensi tupu, bila ya kuambiwa iko mlango gani.

Mtu akikwisha tambuliwa, Django humpa kivinjari chake alama ya siri ambayo kwa desturi hudumu wiki mbili, na hiyo ndiyo humtambulisha katika kila ukurasa afunguao. Alama ya zamani, kama ilikuwapo, hubadilishwa wakati ule ule wa kuingia, asije mtu aliyemtegea alama yake akaingia pamoja naye. Hapa idhini huanza. Kwa kila jedwali kiunzi huweka ruhusa nne, za kuongeza, kubadilisha, kufuta, na kutazama. Ile ya kutazama iliongezwa mwaka 2018 katika toleo la 2.1. Ruhusa hizi zaweza kupewa mtu mmoja mmoja au kundi, na kundi ni bora, kwa sababu watu huhama kazi na makundi hubaki.

Lakini ruhusa haina kazi mahali ambapo mlango haukuwekwa. Hadi mwaka 2024 kila ukurasa wa programu ulikuwa wazi mpaka mjenzi akumbuke kuufunga, na ukurasa mmoja uliosahauliwa ulitosha kumwaga habari za wote. Toleo la 5.1 la Agosti mwaka huo lilileta LoginRequiredMiddleware, ambayo huigeuza desturi: kurasa zote hufungwa, na mjenzi hutaja zile za wazi. Ukurasa wa kuingilia ulio wa kiunzi chenyewe umekwisha tajwa kuwa wazi. Aliyeandika wake mwenyewe, kwa ajili ya nambari za simu mathalani, sharti autaje. Asipoutaja, apigaye hodi atatumwa kwenye mlango, na mlango utamtuma kwenye mlango ule ule, bila ya mwisho.